Taa zinawaka, stata imegoma: anza na waya mweusi

Mwalimu mmoja wa Muheza alinijia Corolla yake ikivutwa kwa kamba na Noah ya shemeji yake. Kwenye buti kulikuwa na betri ya zamani, wakati ndani ya boneti imefungwa mpya ambayo haijamaliza hata wiki. Kwenye kiti cha nyuma imekaa stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake, imefungwa kwenye kiroba cha sukari. Kwenye injini ilikuwa imefungwa stata nyingine, ya mtumba, aliyouziwa kama dawa ya mwisho.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Fundi, hili gari linanila."

Nikamwomba awashe taa kubwa. Zikawaka, nyeupe kabisa. Akanigeukia: "Unaona? Umeme upo." Akapiga stata. Ikalia ta-ta-ta-ta kama cherehani iliyokatikiwa na uzi, na injini haikutikisika.

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Tanga, na ugonjwa huu naupokea kila mwezi, mara nyingine kila wiki. Maneno ni yale yale: taa zipo, redio ipo, honi ipo, basi ubovu ni stata. Wengine wanaanza na betri. Karibu hakuna anayeanza na waya mweusi, ule wa hasi, ambao mafundi tunauita athi. Watu wanafuatilia umeme unaokwenda, hawaulizi unarudi kwa njia gani. Na usiporudi haufanyi kazi yoyote.

Taa zinadanganya kwa sababu ya hesabu. Taa moja ya mbele ya wati 55 inakula ampia zisizofika 5. Stata ya gari dogo la petroli inataka 100 hadi 200, na ya dizeli inakwenda mbali zaidi. Tuseme kwenye hiyo njia ya kurudi kuna bolti yenye kutu, ikaleta ukinzani wa omu 0.02 tu, kitu ambacho mita ya kawaida haiwezi hata kukionyesha. Ampia 5 zikipita hapo unapoteza volti 0.1. Jicho halioni tofauti, taa inawaka. Stata ikijaribu kupitisha ampia 150 mahali hapo hapo, zinapotea volti 3. Betri yenyewe ikibebeshwa mzigo huo inashuka hadi 10 na kitu, toa 3, stata inabakiwa na 7. Haiwezi. Ni kama daraja la magogo la kule mashambani kwa mwalimu: wewe na baiskeli yako mnapita kila siku, mnalisifu, mpaka siku lije Fuso la machungwa.

Jambo la pili la kulielewa: injini haijagusana na bodi ya gari. Imekalia mauntini, zile raba, na raba haipitishi umeme. Kwa hiyo kutoka hasi ya betri lazima kuwe na kebo nene inayofika kwenye injini au giaboksi, na nyingine, mara nyingi nyembamba, inayoshika bodi. Magari mengine kebo nene inashika bodi kwanza, halafu mkanda wa shaba uliosukwa unaiunganisha bodi na injini. Mkanda huo hukaa uchi, hauna plastiki, na kwa hewa ya huku kwetu haudumu. Pickup zinazobeba samaki kutoka soko la Deep Sea, barafu inayeyuka njia nzima na maji ya chumvi yanachuruzika chini. Nimeshika mikanda ya namna hiyo ikavunjika mkononi kama kaukau.

Lakini chumvi nisiisingizie kila kitu. Athi nyingi ninazozikuta zimeharibika zimeharibiwa na mikono ya watu. Gari limetoka kunyooshwa bodi, limepigwa rangi nzuri, na rangi imepita hadi mahali kebo inaposhika. Au giaboksi imeshushwa kubadilishwa klachi, ikarudishwa, na kwenye bakuli la petroli ikabaki bolti moja ambayo hakuna anayekumbuka ilitoka wapi. Kwa hiyo mteja akifika, swali langu la kwanza ni: gari hili mara ya mwisho liliguswa na nani, likafanywa nini? Jibu hilo likinyooka, nusu ya kazi imekwisha kabla sijafungua boneti.

Dalili zenyewe zinatambulika. Stata inazunguka kwa uvivu ingawa betri imechajiwa. Au inalia tik moja, au ta-ta-ta. Ukiwasha indiketa, taa ya breki nayo inapepesa. Ukiwasha taa kubwa, mshale wa joto la injini unapanda wenyewe, ukizima unashuka. Hiyo haina uhusiano na maji ya rejeta, usikimbilie kubadilisha themostati. Asubuhi baridi linawaka, mchana likipata joto linagoma, au kinyume chake.

Dalili mbaya kuliko zote ni moshi unaotoka mahali pasipokuwa na umeme. Nikiwa bado mwanafunzi ililetwa Hiace ya abiria, dizeli. Kila ikipigwa stata, kebo ya eksileta inafuka moshi. Nikavuta nyaya zote za dashibodi kutafuta zilipogusana, siku nzima, sikuona kitu. Bwana mkubwa aliyenifundisha kazi alikuja jioni, akaangalia chini dakika mbili, akacheka. Athi ya injini ilikuwa imekatika. Umeme wa stata ulitaka kurudi kwenye betri, ukakosa njia, ukapita kwenye kebo ya eksileta, ambayo ni chuma kinachounganisha injini na bodi. Lile ganda la plastiki la ndani lilishaanza kuyeyuka. Lingeyeyuka lote, eksileta ingegandia chini abiria wamo ndani. Kwa hiyo ukiona kebo ya eksileta, ya klachi au ya gia inapata joto unapowasha gari, acha kupiga stata hapo hapo.

Haya, tuanze kazi. Weka gari kwenye N au P, handbreki juu. Usivute sigara karibu na betri, inatoa hewa inayolipuka. Vua pete, saa na bangili. Mimi nina kovu linalozunguka kidole cha pete: spana ilikuwa kwenye chanya, pete yangu ikagusa bodi, na dhahabu ilipata moto kabla sijavuta mkono. Na kanuni ya spana namba 10: hasi inatoka ya kwanza, inarudi ya mwisho. Ukianza na chanya huku hasi imefungwa, spana ikigusa chuma chochote utaona cheche za kuchomelea geti. Ukiwa na gari la haibridi kama Aqua au Prius, maelezo haya ya stata hayakuhusu, halina stata ya namna hii. Na nyaya zake za rangi ya chungwa usiziguse kabisa.

Pima betri kwanza ili uiondoe kwenye kesi. Mita iwe kwenye volti za DC, alama ya 20. Gari limelala usiku kucha, betri nzima inasoma 12.6 hivi. 12.2 maana yake imebaki nusu, chini ya 12 ichaji kwanza kabla ya kuendelea, maana kila kipimo kinachofuata kitakudanganya. Halafu acha mita pale pale, mwenzako apige stata. Ikishuka chini ya 9.6, betri ndiyo mgonjwa, au stata inakula kupita kiasi. Ya mwalimu ilisoma 12.7, na stata ilipopigwa ikasimama kwenye 10.9. Betri haina kosa. Umeme upo, haufiki.

Kabla ya mita kuna kipimo cha maskini ambacho nakipenda, kwa sababu hata dereva aliyekwama njiani Korogwe usiku anaweza kukifanya. Chukua waya mmoja tu wa kubusti, ule mweusi. Upande mmoja bana kwenye hasi ya betri. Upande wa pili bana kwenye chuma kitupu cha injini: sikio la kunyanyulia injini, au kishikilio cha altaneta, mahali pasipo rangi wala mafuta, na mbali na mikanda na feni. Piga stata. Ikizunguka kwa nguvu, umeshapata jibu: njia ya kurudi ya gari lako ni mbovu, na ile ya muda uliyoiweka ndiyo iliyofanya kazi. Kwa magari mengi inakufikisha nyumbani. Ila angalizo: waya za kubusti za bei ya chini zinazouzwa barabarani zina plastiki nene na shaba kama uzi wa kufumia. Ukiufunga na hakuna mabadiliko, na wenyewe umepata moto, usihitimishe kwamba athi ni nzima.

Sasa mita. Hapa ndipo mafundi wengi tunapokosea: tunaiweka kwenye omu au kwenye mlio, inalia piii, tunasema waya mzima. Waya wenye nyuzi mia ukibakiwa na uzi mmoja, mita bado italia piii. Mlio haujui habari ya ampia 150. Lazima upime wakati mzigo unapita.

Iache mita kwenye volti. Ncha nyeusi igandamize kwenye kichwa chenyewe cha betri, ile risasi ya katikati, siyo terminali inayokizunguka. Ncha nyekundu kwenye chuma kisafi cha injini. Mwenzako apige stata sekunde tatu, nne, basi. Usimwache aing'ang'anie, stata inaungua. Soma namba wakati inapigwa. Volti 0.2 au chini yake, njia ni safi. Ikifika 0.3 au 0.4, ugonjwa umeanza kuingia. Ikivuka 0.5, tafuta mahali penyewe. Ya mwalimu ilisoma 4.3. Volti nne na ushee zinaishia njiani, na yeye amekwisha kununua betri na stata.

Kuna mtego hapa. Ukisoma 0.00 na stata kimya kabisa, usifurahi. Kama hakuna umeme unaopita, hakuna kinachopotea, mita itasema sifuri hata kwenye athi iliyooza. Hapo kagua amri ya kuwasha: swichi, relei, ule waya mwembamba unaokwenda kwenye stata, na kwa otomatiki swichi ya gia. Na ukisoma karibu volti zote za betri, yaani 11 au 12, kebo imekatika kabisa au haipo.

Namba ikiwa kubwa, igawe njia vipande. Ncha nyeusi ibaki kwenye kichwa cha betri, nyekundu uihamishe hatua kwa hatua, kila hatua stata ipigwe kidogo: kwenye terminali, kwenye kichwa cha shaba cha upande wa pili wa kebo, kwenye bolti inayokibana, mwisho kwenye chuma cha injini pembeni ya bolti. Mahali namba inaporuka ghafla ndipo penye ubovu. Kwenye Corolla, terminali ilikuwa sifuri, kichwa cha shaba 0.1, bolti 0.2, giaboksi 4.3. Nikalala chini na tochi. Miezi miwili nyuma klachi ilibadilishwa mahali fulani, na giaboksi ikapulizwa rangi ya fedha ili ing'ae, kisha kebo ikafungwa juu ya rangi, hata kwenye meno ya bolti ilikuwamo. Ilifanya kazi miezi miwili kwa sababu bolti ilikwaruza kidogo ilipokuwa inaingia. Kutu ikafika hapo, ikafunga mlango.

Upande wa bodi unapimwa vivyo hivyo, lakini mzigo ni taa kubwa, feni ya ndani na waipa vyote pamoja: ncha moja kwenye kichwa cha betri, nyingine kwenye chuma cha bodi. Hapo namba ikizidi 0.1 na kitu, fungua usafishe.

Kusafisha siyo kupangusa. Toa hasi kwenye betri. Fungua bolti, tazama pande zote za kichwa cha shaba, na chuma kinapokaa. Msasa namba 80 au brashi ya waya, sugua mpaka chuma kiwe cheupe, duara liwe pana kidogo kuliko kichwa cha kebo. Bolti nayo isugue, pamoja na washa, ile pete bapa ya chini ya bolti. Washa ya meno ni nzuri, inauma chuma. Kaza vizuri. Ukishakaza, siyo kabla, paka grisi au mafuta ya mgando juu yake kuzuia hewa na chumvi. Wanaopaka kwanza halafu wakafunga, wengine wana bahati, bolti ikikazwa inaisukuma pembeni. Mimi sipendi bahati kwenye kazi.

Ule unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri, toa terminali, mwagia maji ya moto yenye magadi, yale yale ya kulainishia maharage. Yatachemka yanapokutana na asidi. Yasiingie kwenye vifuniko vya betri. Suuza, kausha. Soda ya chupa ambayo vijana wanaisifia inasafisha, sikatai, lakini inaacha sukari inayonata vumbi. Risasi ya kichwa cha betri isugue kwa adabu. Ukiila sana, terminali haitabana tena, utaanza kuchomeka vipande vya bati.

Kebo yenyewe ikunje mkononi. Iliyo nzima inapinda kama nyoka. Iliyooza ni ngumu, inakwaruza ndani, au imevimba karibu na kichwa. Chana plastiki kidogo: ukiona unga wa kijani, usisafishe, badilisha. Gari dogo la petroli linatosheka na kebo ya milimita za mraba 25, dizeli nenda 35 hadi 50. Kebo ya mashine ya kuchomelea ni laini na inavumilia mtikisiko, naipendelea. Dukani ikwangue uzi mmoja kwa kisu: nje nyekundu, ndani nyeupe, hiyo ni alumini iliyovishwa shaba, mrudishie mwenyewe. Kichwa kibanwe kwa mashine ya kubania. Nyundo na tindo vinabana upande mmoja tu, na mwaka haupiti unakuwa mteja wangu tena.

Kuongeza kebo ya pili kutoka hasi hadi injini ninafanya mara nyingi kwa magari ya pwani, haidhuru kitu. Zile seti za nyaya za rangi rangi wanazofungiwa vijana kwamba gari litaongeza nguvu, kama athi ya kiwandani ni nzima umepamba boneti tu. Na magari mapya yenye kijisanduku cha plastiki kilichokaa juu ya terminali ya hasi, hicho kinapima betri na ni ghali. Chaja au waya wa kubusti bana kwenye bodi, siyo kwenye hicho.

Inatokea pia stata inazunguka vizuri kabisa, gari haliwaki. Hapo athi nyingine ndogo ndiyo mtuhumiwa: ya kompyuta ya injini. Kwenye Toyota nyingi nilizofungua ni nyaya nyembamba, mara nyingi za kahawia au nyeupe na nyeusi, zimefungwa kwa bolti moja kwenye injini yenyewe, karibu na manifoldi. Fundi aliyefungua manifoldi akisahau bolti hiyo, gari linakosa cheche au nozeli za mafuta hazipigi, na mashine ya kusomea kompyuta inaorodhesha sensa tano, sita mbovu kwa mpigo. Sensa sita hazifi siku moja. Tafuta bolti.

Ukishafunga kila kitu, rudia kipimo kile kile cha kwanza. Usiseme imepona kwa kuwa limewaka; mita iseme. Corolla ya mwalimu ilitoka 4.3 ikaja 0.15, na stata, ile ya mtumba, ikazungusha injini kabla hajageuza ufunguo vizuri. Nikaiandika namba kwa kalamu ya wino mzito chini ya boneti pamoja na tarehe, ili atakayepima mwaka kesho ajue ilikuwa ngapi.

Mwalimu hakuondoka mara moja. Alitaka tuipime stata yake ya kwanza, ile ya kwenye kiroba. Tukaibana kwenye jiliwa, nikaipa umeme, ikavuma kama feni. Betri ya zamani, baada ya kulala kwenye chaja, ilisoma 12.6. Alizitazama zote mbili kwa muda, akaniuliza kama namjua mtu anayenunua.

Betri hiyo niliinunua mimi kwake. Ipo gereji mpaka leo, ndiyo ninayobustia magari ya watu.